Filbert Bayi: kwa nini mfalme wa mita 1500 alihamia kwenye viunzi?

Stori za bumu na foleni ya kafteria leo naziweka pembeni, tuingie kwenye historia kidogo.

Kuna ubishi hapa hosteli hauishi. Akitajwa tu Filbert Bayi, lazima atokee jamaa aseme: "Yule alikwisha mapema bwana, ndiyo maana akakimbilia kuruka viunzi." Na kwa juu juu anaonekana ana hoja. Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 akiwa na miaka 20. Medali yake pekee ya Olimpiki aliipata mwaka 1980, kwenye mbio nyingine kabisa, mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Ukiandika hizo mbili tu ubaoni, utasema huyu bwana alishindwa kwake akaenda kubahatisha kwa jirani. Mimi nasema katikati ya miaka hiyo kuna mambo yamerukwa, na mojawapo liko hapa hapa tunapolala.

Tuanze na hilo neno kuhama, maana kwenye michezo lina uzito wake. Wenzetu wa raga ndio wanaolijua zaidi. Wana raga mbili: yunioni, ya watu 15, na ligi, ya watu 13. Zilitengana mwaka 1895 kaskazini mwa Uingereza, na ugomvi ulikuwa pesa. Wachezaji wa kule walikuwa watu wa migodini na viwandani, wakitaka walipwe siku ya kazi wanayoipoteza wakienda kucheza. Wakubwa wa yunioni wakasema mchezo ni wa ridhaa. Kuanzia hapo, aliyechukua hela ya ligi alifungiwa mlango wa yunioni maisha, na mlango huo haukufunguliwa mpaka 1995. Ndiyo maana Mwairishi kama Brian Carney, aliyepata jina kwenye ligi akiwa na Wigan, aliweza kuhamia yunioni na kuvaa jezi ya Ireland mwaka 2007. Angezaliwa miaka 30 kabla, angeishia kuwaangalia tu kwenye TV.

Riadha nayo ilikuwa na ukuta wake wa ridhaa. Muulizeni Ben Jipcho wa Kenya (marehemu, alifariki 2020). Mwaka 1973 huyu bwana alikuwa na rekodi ya dunia ya viunzi na maji. Mwaka 1974 akatwaa dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, viunzi na mita 5000, juu yake shaba ya mita 1500. Mwaka huo huo akaamua kwenda kukimbia kwa malipo Marekani. Basi, Olimpiki kwaheri. Alikuwa na familia ya kulisha, na medali hailiwi kwa ugali. Simlaumu hata kidogo.

Lakini kuhama kutoka mbio moja kwenda nyingine hakukukatazwa na mtu, na aliyeonyesha njia ni Kipchoge Keino. Mwaka 1968 kule Mexico alitwaa dhahabu ya mita 1500. Mwaka 1972 Munich akaingia pia kwenye viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa mzoefu nazo, akachukua dhahabu, Jipcho wa pili. Kwenye mita 1500 safari hii akapata fedha. Hakuna aliyesema Keino kakwisha. Alisifiwa kwa akili.

Sasa sikilizeni. Kwenye Munich hiyo hiyo ya 1972 alikuwepo kijana wa Tanzania wa miaka 19, mzaliwa wa Karatu, askari wa JWTZ. Aliingia mbio ngapi? Mbili: mita 1500, na mita 3000 za viunzi na maji. Zote mbili hakuvuka mchujo wa kwanza, hakuna aliyemwandika gazetini. Huyo ndiye Bayi. Kwa hiyo mtu anaposema alikimbilia viunzi uzeeni, mwambieni viunzi alikuwa navyo tangu siku ya kwanza ya Olimpiki yake. Mwaka 1980 hakwenda kwa jirani. Alirudi kwenye chumba cha pili cha nyumba yake mwenyewe.

Kilichotokea ni kwamba chumba cha kwanza kiling'aa mno. Januari 1973, Michezo ya Afrika kule Lagos, Bayi alimpiga Keino kwenye mita 1500. Kumpiga Keino! Halafu ikaja Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya Jumuiya ya Madola.

Hii mbio naomba tuitulie kidogo. Kawaida ya mita 1500 ni kuviziana. Watu wanakimbia kundi moja, kila mmoja anaogopa kuongoza maana anayeongoza anakata upepo kwa ajili ya wengine, kisha mita 300 za mwisho wanafyatuka. Bayi hakuwa na habari na hayo. Bunduki ikilia, anaondoka. Christchurch aliondoka hivyo hivyo, na katikati ya mbio pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba ungedhani wengine wako kwenye mazoezi. Nyuma yake walikuwepo Jipcho na kijana wa nyumbani, John Walker, na uwanja mzima unampigia Walker kelele. Walker akaanza kusogea, akasogea, mstari wa mwisho uko pale... na Bayi akafika kwanza. Dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun, iliyokaa tangu 1967, imevunjwa. Walker alimaliza kwa 3:32.52, naye pia ndani ya rekodi ya zamani, ila akawa wa pili. Jipcho 3:33.16.

Mpimeni kwa hili: rekodi ile kama rekodi ya dunia ilikaa mpaka Agosti 1979 alipokuja Sebastian Coe. Lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa mpaka Birmingham 2022. Miaka 48! Viatu vimebadilika, viwanja vimebadilika, watu wana saa mkononi zinazowapimia mapigo ya moyo, na bado michezo 11 mfululizo ikapita bila mtu kugusa muda wa askari wa Karatu.

Mei 1975, kule Kingston, Jamaica, akaongeza rekodi ya maili, 3:51.0. Hapo nyuma yake, nafasi ya tatu, alikuwepo Mwairishi mmoja, Eamonn Coghlan. Mshikeni kichwani huyo, atarudi. Miezi mitatu baadaye Walker akaichukua rekodi hiyo ya maili kwa 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Kwa hiyo mwanzoni mwa 1976 hali ni hii: Mtanzania ana rekodi ya mita 1500, Mnyuzilandi ana rekodi ya maili, na Olimpiki ya Montreal iko Julai. Dunia nzima inasubiri fainali moja tu.

Fainali hiyo haikukimbiwa. Na iliyoizuia ni raga.

Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans. Mwisho wa mwezi huo huo timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilianza mechi zake za ziara ndani ya Afrika Kusini. Damu haijakauka, wao wanacheza mpira na makaburu. Nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe Montreal. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo haiwahusu. Jibu la kisheria kabisa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujitoa, na mwishowe zaidi ya nchi 20 hazikushiriki. Tarehe 31 Julai 1976 Walker alishinda dhahabu ya mita 1500 kwa muda wa 3:39.17. Coghlan wa Ireland akawa wa nne.

Hapo ndipo hesabu za hosteli zinapoanza. 3:39.17 toa 3:32.16, unabaki na sekunde saba. "Bayi angeshinda kwa mita 50!" Jamani, taratibu. Fainali ya Montreal ilikuwa ya kuviziana, walianza polepole, na muda wa mbio ya namna hiyo hauwezi kuulinganisha na Christchurch. Pia Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo, kwa hiyo hata angekwenda, huenda angekwenda mgonjwa. Ninachoweza kusema ni kimoja tu: Bayi akiwepo, mzima, mbio haiwi ya kuviziana. Yeye ndiye angeamua ni mbio ya aina gani. Nani angeshinda, sisi wa Morogoro hatuwezi kulijibu hilo kwa kikokotoo.

Kuna kingine ambacho sisi wa Morogoro tunaweza kukijibu vizuri kuliko watu wa mahali pengine. Nilisema jambo moja liko hapa tunapolala. Hawa wanafunzi waliokimbia Afrika Kusini baada ya Soweto walikwenda wapi? Wengi wao walifika hapa. ANC walikuwa wanaujua mji huu tangu mkutano wao mkubwa wa Morogoro wa mwaka 1969. Baada ya 1976, serikali yetu iliwapa eneo la shamba la mkonge la zamani hapa Mazimbu wajenge shule kwa ajili ya wale vijana. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 ANC wakarudisha eneo lote kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA. Yale majengo unayolalamikia mabomba yake yalijengwa kwa ajili ya wao. Na makaburi yapo, unayajua, yale yenye majina ambayo si ya Kiluguru wala ya Kichaga. Waliozikwa pale wengine walikuwa na umri wetu.

Kwa hiyo ukitaka kujua Bayi alipoteza nini mwaka 1976 na kwa ajili ya nani, huna haja ya kwenda maktaba. Toka nje ya hosteli, milima ya Uluguru ikiwa mbele yako, tembea dakika chache. Uamuzi haukuwa wake, tusimpambe zaidi ya hapo. Ulikuwa wa serikali, na mwanajeshi hapigi kura juu ya amri. Gharama yake ndiyo ilikuwa ya kwake peke yake, kwa sababu kilele cha mkimbiaji ni miaka miwili mitatu tu, na hakuna wizara inayoweza kumrudishia.

Tuendelee. 1978 Algiers, dhahabu tena ya Afrika kwenye mita 1500. Mwaka huo huo Edmonton, Jumuiya ya Madola, akawa wa pili nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza, 3:35.48 kwa 3:35.59. Sehemu 11 za mia moja ya sekunde! Huyu ndiye mtu mnayesema kakwisha? Ila ni kweli mambo yalikuwa yanabadilika. Waingereza wawili, Coe na Steve Ovett, walikuwa wanakuja juu, wote wana mwisho mkali kama wa nyoka. Mkimbiaji wa kuongoza mwanzo mwisho akiwa na watu wawili wa namna hiyo mgongoni ni kama dereva wa fuso anayempisha basi la Dar mteremkoni.

Sasa fikirieni mbio za viunzi na maji. Kilomita tatu, viunzi 28, na mara saba unaruka kiunzi chenye kidimbwi cha maji mbele yake. Kiunzi kina urefu wa sentimita 91 na kitu, kinazidi meza nyingi, na ni gogo zito. Ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Waliowahi kupanda Morningside siku ya mvua wakaruka vijito wanajua miguu inavyokuwa baada ya mara ya nne. Katika mbio hizi ukiwa katikati ya kundi, kiunzi hukioni mpaka aliye mbele yako aruke, na hapo umechelewa. Ukiwa mbele peke yako unakiona tangu mbali, unapanga hatua zako. Kwa maneno mengine, tabia ile ile ya Bayi ya kuondoka bunduki ikilia, ambayo kwenye mita 1500 ilianza kuwa mzigo, huku ni faida. Haya ni mawazo yangu mimi, sijayatoa kinywani mwake. Lakini nikiweka pamoja Munich 1972, mfano wa Keino, na Coe na Ovett wale wawili, sioni mtu aliyekata tamaa. Naona mtu aliyepiga hesabu.

Ikabaki swali la kwenda au kutokwenda, tena. Safari hii Marekani ndiyo iliyotaka nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Rais Carter akamtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika, kituo cha kwanza Dar es Salaam, Februari 1980. Watu walimpenda Ali kama kawaida, ila Mwalimu hakukubali kuonana naye. Na Ali akakutana na swali ambalo hakuandaliwa: mwaka 1976 sisi tulipoomba mtuunge mkono kuhusu makaburu, nyinyi Wamarekani mlikuwa wapi? Kenya walisusia. Tanzania ikaenda Moscow.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa wabishi. Kwa kuwa Kenya haikuwepo, Henry Rono, mwenye rekodi ya dunia ya viunzi na maji, hakuwepo. Hilo lilimrahisishia Bayi, kama vile kutokuwepo kwake mwaka 1976 kulivyomrahisishia Walker. Aliyebaki hakuwa mtu wa mchezo lakini: Bronisław Malinowski wa Poland, mwenye fedha ya Montreal.

Fainali, tarehe 31 Julai 1980. Bayi alikimbia viunzi kama alivyokimbia Christchurch. Akaondoka. Video zipo mtandaoni, tafuteni muangalie. Mzunguko baada ya mzunguko yuko peke yake na jezi yake, wengine nyuma wameshikana kundi, na kengele ya mzunguko wa mwisho inalia bado pengo unaliona kwa macho. Mimi nimeiangalia zaidi ya mara kumi na kila mara nadhani safari hii atafika. Malinowski anakuja, hana haraka, anakula mita moja moja, na maeneo ya kidimbwi cha mwisho anampita. Miguu ya Bayi imeisha, unaona kabisa. Na bado hakuanguka, hakuacha wa tatu ampite. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48, Eshetu Tura wa Ethiopia 8:13.57.

Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Tanzania. Kesho yake Suleiman Nyambui akaleta ya pili, fedha ya mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter. Na wa nne kwenye mbio hiyo ya Nyambui mnajua ni nani? Eamonn Coghlan, yule Mwairishi wa Kingston, ambaye naye alikuwa kahama mita 1500. Wa nne Montreal, wa nne Moscow. Yeye alisubiri mpaka 1983 Helsinki akawa bingwa wa dunia wa mita 5000. Kwa hiyo hata hoja kwamba anayehama ni aliyeshindwa, ipelekeni Ireland mkaone watakavyowajibu.

Angalieni na tarehe. Walker alishinda Montreal tarehe 31 Julai. Bayi alipata fedha yake tarehe 31 Julai. Miaka minne kamili, siku kwa siku.

Malinowski hakuifaidi sana dhahabu yake, alikufa kwa ajali ya gari Septemba 1981. Bayi alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, alikosoma Nyambui pia, akarudi nyumbani, na yeye na mkewe wakaanzisha shule. Kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Yaani mtu ambaye mwaka 1976 alibakizwa nyumbani ndiye aliyekuwa akipanga safari za wenzake kwenda huko.

Muda wa 3:32.16 bado ndio bora wa Mtanzania kwenye mita 1500. Muda wa 8:12.48 bado ndio bora wa Mtanzania kwenye viunzi na maji. Wote wa mtu mmoja. Na tangu Nyambui avuke mstari ule wa Moscow tarehe 1 Agosti 1980, mpaka Paris 2024, Tanzania haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki.

Nawakilisha. Mwenye ubishi aje chumbani, ila aje na muda ulioandikwa, asije na kelele.